Nzi wa Matunda Hukumbukaje? Funzo kutoka Uwanda wa Juu wa Ufipa

Msafiri anayefuata barabara kuu kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga hupita Laela, mji mdogo ulio juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Akishuka sokoni ataona ndizi mbivu zilizopangwa juu ya magunia, mapera, na maembe yaliyopandishwa kutoka bondeni. Pengine atasikia pia harufu ya pombe ya ulezi inayochachuka katika nyumba ya jirani. Juu ya vyote hivyo huelea wingu dogo la wadudu wenye macho mekundu, ambao urefu wao hauzidi milimita tatu. Muuza ndizi huwapunga kwa kitambaa, nao hutawanyika. Punde si punde wamekwisha rudi.

Watu wengi huwahesabu wadudu hawa kuwa ni kero tu. Lakini kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja nzi huyu wa matunda amekuwa mmoja wa walimu wakubwa wa elimu ya viumbe. Ametufundisha jinsi tabia zinavyorithiwa, jinsi mwili unavyojengwa kutoka yai moja, na jinsi viumbe wanavyopima saa za mchana na usiku. Tangu mwaka 1974 ametufundisha jambo jingine ambalo linamgusa kila mwanafunzi: jinsi kumbukumbu inavyoingia katika ubongo, na kwa nini kumbukumbu nyingine hukaa na nyingine hupotea.

Swali hili si la wataalamu peke yao. Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne unapokaribia, wako wanafunzi wanaokesha usiku kucha mbele ya daftari wakijaribu kumeza katika saa chache masomo ya miaka minne. Asubuhi hukumbuka kidogo; baada ya juma moja hukumbuka kidogo zaidi. Je, kosa ni uvivu, au ni namna yenyewe ya kujifunza? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nzi wa matunda ana jibu ambalo walimu na wanafunzi wangefaa kulisikia.

Nzi yupi?

Kwanza hapana budi tuondoe mchanganyiko wa majina. Katika Kiswahili jina "nzi wa matunda" hutumika kwa makundi mawili ya wadudu. Kundi la kwanza ni lile la nzi wakubwa kidogo ambao hutoboa maembe na mapera yangali mtini na kutaga mayai ndani yake. Mmoja wao ni yule aitwaye kitaalamu Bactrocera dorsalis, aliyeingia Afrika Mashariki kutoka Asia na kugunduliwa nchini Kenya mwaka 2003. Huyo ni adui wa mkulima, na siye tunayemzungumzia hapa.

Tunayemzungumzia ni Drosophila melanogaster. Yeye hapendi tunda bichi bali tunda lililoiva mno na kuanza kuchachuka, kwa sababu chakula chake hasa ni hamira inayoota juu ya tunda hilo. Ndiyo maana humwona pia kwenye siki na kwenye pombe. Jike hutaga mayai juu ya tunda. Yai huwa buu, buu huwa pupa, na pupa hutoa nzi kamili. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi mzunguko huo huchukua siku kumi hivi. Katika nyuzi 18 huchukua karibu mara mbili ya muda huo, na kwa hiyo si ajabu kwamba wakati wa baridi ya Juni na Julai nzi hawa hupungua sana kwenye uwanda wa Ufipa.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba mdudu anayetajwa katika vitabu vya Ulaya na Marekani ni mdudu wa huko. Ukweli ni kinyume. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba nzi huyu ni mwenyeji wa Afrika ya kusini ya ikweta, na kwamba wale wenye tofauti nyingi zaidi za jeni, dalili ya ukoo wa kale kuliko wote, wanapatikana Zambia na Zimbabwe. Mpaka wa Zambia hauko mbali na Laela. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba katika milima ya Matobo, Zimbabwe, walimkuta nzi huyu porini, mbali na makazi ya watu, akiishi kwa kutegemea tunda la mng'ongo. Walitoa rai kwamba alianza kuzoeana na binadamu pale wakazi wa kale wa mapangoni walipohifadhi matunda hayo ndani ya mapango yao. Kutoka kwetu alisafiri na watu hadi akaenea karibu dunia nzima.

Nzi katika njia panda

Tutajuaje kwamba nzi anakumbuka? Hawezi kusema wala kuandika. Njia iliyopo ni kumpa funzo, kisha kutazama kama mwenendo wake umebadilika.

Mwaka 1974 William Quinn, William Harris na Seymour Benzer, wa Chuo cha Teknolojia cha California nchini Marekani, walichapisha jaribio la aina hiyo. Waliwapa nzi harufu mbili. Harufu moja iliambatana na mshtuko mdogo wa umeme. Ya pili haikuambatana na chochote. Baadaye nzi waliikimbia harufu ya kwanza hata pale ambapo umeme haukuwapo tena. Mwaka 1985 Tim Tully na Quinn waliliboresha jaribio hilo, na namna yao ndiyo inayotumika hadi leo katika maabara nyingi.

Nzi wapatao mia moja hutiwa ndani ya neli ambayo ukuta wake wa ndani umetandazwa nyaya nyembamba za shaba. Kwa dakika moja hupulizwa harufu ya kwanza, tuiite A, na wakati huohuo nzi hupata mishtuko kumi na miwili ya umeme. Hufuata hewa safi. Kisha kwa dakika moja hupulizwa harufu B bila umeme. Hilo ndilo funzo lenyewe. Wakati wa mtihani nzi husogezwa hadi kwenye njia panda: upande mmoja unatoka harufu A, upande wa pili harufu B. Baada ya dakika mbili milango hufungwa, na nzi wa kila upande huhesabiwa.

Tuchukue mfano. Tuseme nzi 85 wamekwenda upande wa B, na 15 upande wa A. Kipimo cha kumbukumbu hupatikana kwa kutoa idadi ya waliokosea kutoka idadi ya waliopatia, kugawanya kwa jumla yao, na kuzidisha kwa mia: 85 kutoa 15 ni 70, 70 kwa 100, mara 100, ni 70. Kama nzi wote wangalikumbuka, kipimo kingalikuwa 100. Kama wangaligawanyika nusu kwa nusu, kingalikuwa 0.

Lakini mwanafunzi makini atauliza: Je, ikiwa nzi hao wanaipenda tu harufu B tangu mwanzo? Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni moyo wa sayansi ya majaribio. Kundi la pili la nzi hufundishwa kinyume: sasa umeme huambatana na B. Tuseme nzi 75 wamekimbilia A na 25 wamekwenda B. Kipimo ni 50. Wastani wa makundi mawili ni 60. Mapenzi ya asili kwa harufu B yaliongeza kipimo cha kundi la kwanza na kupunguza kile cha kundi la pili kwa kiasi kilekile, hivyo katika wastani yamefutana. Kinachobaki ni kumbukumbu.

Nzi wasiokumbuka

Seymour Benzer alikuwa na wazo ambalo wenzake wengi hawakuliamini: kwamba jeni moja ikiharibika inaweza kuharibu sehemu moja ya mwenendo, kama vile msumari mmoja ukitoka hulegeza mguu mmoja wa meza. Yeye na wanafunzi wake waliwapa nzi kemikali inayobadilisha jeni, kisha wakawapima watoto wao mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1976 walitangaza kupata ukoo wa nzi walioona vizuri, walionusa vizuri, walioshtuka kwa umeme kama wenzao, ila hawakuweza kuihusisha harufu na umeme. Waliuita dunce, jina la dhihaka ambalo zamani katika shule za Uingereza alipewa mtoto mzito wa kuelewa. Baadaye zilipatikana koo nyingine, miongoni mwao rutabaga, lenye maana ya mboga ya jamii ya tanipu, na amnesiac, yaani msahaulifu.

Majina hayo yanachekesha, lakini yaliyogunduliwa ni mambo mazito. Mwaka 1981 ilijulikana kwamba jeni ya dunce hutengeneza kimeng'enya kinachovunja kemikali ndogo iitwayo AMP saikliki, ambayo hupeleka ujumbe ndani ya seli. Mwaka 1984 ilijulikana kwamba nzi wa rutabaga wana kasoro katika kimeng'enya kinachotengeneza kemikali hiyohiyo. Basi nzi mmoja ana kemikali hiyo kupita kiasi, mwingine anayo pungufu, na wote wawili hushindwa kukumbuka. Kumbukumbu inahitaji kemikali hii itoke kwa kipimo, mahali pake na kwa wakati wake, kama chumvi katika mchuzi.

Wakati huohuo, kwa kuchunguza konokono wa baharini asiye na gamba la nje, Eric Kandel na wenzake huko New York waliikuta AMP saikliki ikifanya kazi kama hiyo. Kandel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Konokono na nzi ni wanyama waliotengana kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kama wote wawili hutumia kemikali ileile, tunayo sababu ya kudhani kwamba njia hii ni ya kale sana na kwamba sisi pia tumeirithi. Majaribio ya panya yameithibitisha dhana hiyo.

Ndani ya ubongo mdogo kuliko punje ya ulezi

Ubongo wa nzi ni mdogo kuliko punje ya ulezi, lakini si kitu rahisi. Mwezi Oktoba 2024 kundi kubwa la watafiti wa nchi mbalimbali lilichapisha ramani kamili ya ubongo wa nzi jike mmoja, iliyochorwa kutokana na picha za hadubini ya elektroni. Walihesabu seli za neva, yaani nyuroni, zipatazo 139,000, na sinapsi, yaani mahali ambapo nyuroni moja hupeleka ujumbe kwa nyingine, zaidi ya milioni 50. Binadamu ana nyuroni zinazokadiriwa kuwa bilioni 86.

Harufu huingia kwa kupitia papasi mbili zilizo mbele ya kichwa. Kutoka hapo habari hupelekwa hadi kwenye sehemu mbili za ubongo, moja kila upande, ambazo kwa umbo hufanana na uyoga na huitwa miili ya uyoga. Mfaransa Félix Dujardin alizieleza mwaka 1850 alipopasua bongo za nyuki na wadudu wengine, akahisi kwamba zinahusika na akili. Ilichukua zaidi ya karne moja kuthibitisha. Mwaka 1994 huko Ujerumani, nzi walikuzwa kwa namna iliyozuia miili ya uyoga isiote. Nzi hao waliruka, wakanusa na kushtuka kama kawaida, lakini hawakuweza kujifunza harufu.

Kila mwili wa uyoga una nyuroni zipatazo 2,000. Harufu moja huamsha asilimia ndogo tu ya nyuroni hizo, na harufu nyingine huamsha nyuroni nyingine. Kwa hiyo kila harufu ina orodha yake, kama vile mwalimu anapoita majina machache kutoka daftari kubwa la mahudhurio. Nyuroni hizi 2,000 hupeleka ujumbe kwa nyuroni chache mno za kutolea, thelathini na ushei kila upande. Baadhi ya nyuroni za kutolea humwambia nzi "sogea", nyingine humwambia "ondoka". Mizani ya sauti hizi mbili ndiyo huamua nzi aelekee wapi.

Kumbukumbu inavyoandikwa

Sasa tunaweza kueleza kinachotokea wakati wa funzo. Harufu A inapoingia, nyuroni zake katika mwili wa uyoga huamka. Umeme unapopiga, nyuroni nyingine chache hutoa kemikali iitwayo dopamini. Dopamini humwagwa juu ya sinapsi nyingi, za harufu A na za harufu nyingine pia. Lakini ni zile za harufu A peke yake ambazo wakati huo ziko macho.

Hapo ndipo kimeng'enya cha rutabaga kinapofanya kazi yake. Kimeng'enya hiki huamka kwa nguvu pale inapopata habari mbili kwa pamoja: kutoka ndani ya seli, kwamba harufu ipo, na kutoka nje, kupitia dopamini, kwamba jambo baya limetokea. Kikipata habari moja tu hufanya kazi kidogo. Kikizipata zote mbili hutoa AMP saikliki kwa wingi, na sinapsi ile hubadilika.

Hubadilika vipi? Wengi wangetazamia kwamba sinapsi huimarika. Katika funzo la umeme hutokea jambo tusilolitarajia: sinapsi zinazoiunganisha harufu A na nyuroni za kutolea zinazosema "sogea" hudhoofika. Sauti ya "ondoka" haikuongezwa, ila mpinzani wake amenyamazishwa, na mizani imeinama. Nzi akipewa sukari badala ya umeme, dopamini hutoka katika kundi jingine la nyuroni, na safari hii inayodhoofishwa ni njia ya "ondoka". Kujifunza, basi, wakati mwingine ni kupunguza.

Uthibitisho wa kushangaza ulipatikana mwaka 2009. Watafiti waliwatengeneza nzi ambao baadhi ya nyuroni zao za dopamini zingeweza kuamshwa kwa mwanga. Waliwapa harufu pamoja na mwanga huo, bila umeme wowote. Nzi waliikimbia harufu ile kana kwamba waliwahi kuadhibiwa nayo. Walikuwa wakikumbuka jambo ambalo halikuwapata kamwe. Nyuroni kumi na mbili tu katika kila upande wa ubongo zilitosha kuandika kumbukumbu hiyo.

Kumbukumbu inavyohifadhiwa

Kuandika ni jambo moja, kuhifadhi ni jingine. Mkulima wa Ufipa analijua hili katika shamba lake. Mvua zinapokaribia kwisha huwafukia majani ndani ya matuta ya mviringo. Majani hayageuki rutuba siku ileile. Yahitaji muda wa kuoza ndani ya udongo, na msimu unaofuata tuta hutawanywa, likawa chakula cha mahindi au ulezi. Asiyewapa majani muda huo hupanda juu ya majani makavu.

Kumbukumbu ya nzi nayo hupita hatua. Mwaka 1976 Quinn na Yadin Dudai waliwapooza nzi kwa baridi kali ya barafu, hata shughuli za ubongo wao zikasimama kwa muda. Nzi waliopoozwa mara tu baada ya funzo walisahau. Waliopoozwa muda fulani baadaye walibaki na sehemu ya kumbukumbu. Maana yake ni kwamba mwanzoni kumbukumbu ni dhaifu, na kwamba kuna sehemu yake inayopata uimara kadiri muda unavyopita.

Jaribio muhimu kuliko yote kwa msomaji wetu ni lile la Tully na wenzake la mwaka 1994. Makundi mawili ya nzi yalipewa funzo lilelile mara kumi. Kundi la kwanza lilipewa mafunzo yote kumi mfululizo bila kupumzika. Kundi la pili lilipewa mapumziko ya dakika kumi na tano baada ya kila funzo. Idadi ya mishtuko ya umeme ilikuwa sawa. Muda wa kunusa harufu ulikuwa sawa. Tofauti ilikuwa mapumziko tu. Kumbukumbu ya kundi la kwanza ilififia, ikawa imekwisha katika muda wa siku nne hivi. Kundi la pili lilikumbuka hata baada ya siku saba, na kwa nzi anayeishi majuma machache tu, siku saba ni sehemu kubwa ya maisha.

Watafiti walikwenda mbele zaidi. Waliwalisha nzi dawa inayozuia seli zisitengeneze protini mpya. Kundi lililofundishwa mfululizo halikudhurika. Kundi lililopumzika lilipoteza ile kumbukumbu ya kudumu. Hivyo mapumziko si muda mtupu. Ni wakati ambapo ujumbe hufika hadi kwenye kiini cha seli, jeni fulani huwashwa, na protini mpya hutengenezwa ili kuiimarisha sinapsi katika hali yake mpya. Mmoja wa wasimamizi wa kazi hii ni protini iitwayo CREB; mwaka huohuo wa 1994 ilionyeshwa kwamba CREB ikizuiwa, kumbukumbu ya kudumu haipatikani.

Usingizi, njaa na kusahau

Mambo matatu zaidi yanastahili kutajwa. La kwanza ni usingizi. Nzi hulala, na nzi anayenyimwa usingizi baada ya funzo hupungukiwa na kumbukumbu ya kudumu.

La pili ni njaa. Kutengeneza protini kunagharimu nguvu. Mwaka 2005 watafiti wa Uswisi walionyesha kwamba nzi waliotengeneza kumbukumbu ya kudumu, wakinyimwa chakula na maji, walikufa mapema kuliko wenzao. Mwaka 2013 watafiti wa Paris walionyesha kwamba nzi mwenye njaa huizima njia ya kutengeneza kumbukumbu ya kudumu ya adhabu ili kuokoa nguvu, na kwamba akilazimishwa kuiwasha hufa mapema.

La tatu ni kusahau kwenyewe. Zamani ilidhaniwa kwamba kumbukumbu huchakaa tu, kama rangi ya ukuta. Lakini mwaka 2012 ilionekana kwamba nyuroni za dopamini, zilezile zinazoandika, huendelea kutoa dopamini kidogo kidogo baada ya funzo, na kwamba hiyo huifuta kumbukumbu changa. Zikinyamazishwa, nzi hukumbuka zaidi. Kusahau, basi, ni kazi ambayo ubongo huifanya, na ina faida yake: tunda lililokuwa na hatari jana huenda leo likawa chakula chema.

Faida kwetu sisi

Huenda msomaji akauliza: elimu hii inatusaidia nini? Kwanza, wadudu wanaotuletea maradhi nao hujifunza. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa mbung'o wa Afrika Magharibi ulioonyesha kwamba mnyama aliyemnyonya mara ya kwanza huathiri chaguo lake la mara ya pili. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba mbu wa aina ya Aedes aegypti, mwenezaji wa homa ya dengue, hujifunza kuihepa harufu ya mtu iliyoambatana na mtikiso kama wa kupigwa, na kwamba dopamini ni ya lazima katika kujifunza huko. Anayetaka kubuni mitego na dawa za kufukuza wadudu hana budi kujua kwamba adui yake ana kumbukumbu.

Pili, utafiti wa nzi hauhitaji mali nyingi. Chupa, unga wa mahindi, hamira, sukari na hadubini hutosha kuanzia. Ndiyo sababu mwanzoni mwa miaka ya 2010 kozi za kuwafundisha wanasayansi wa Afrika kutumia nzi huyu zilianza kufanyika Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kampasi ya Ishaka.

Tatu, kuna funzo la darasani. Hapa yafaa tuwe waangalifu. Mtoto si nzi, na mshtuko wa umeme si somo la jiografia. Hatuwezi kuchukua dakika kumi na tano za nzi na kuzibandika kwenye ratiba ya shule. Lakini kwamba mazoezi yaliyogawanywa hushinda yale yaliyolundikwa lilionyeshwa kwa binadamu tangu mwaka 1885 na Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe, na limethibitishwa mara nyingi tangu hapo. Alichotuongezea nzi ni sababu: seli zinahitaji muda wa kujenga. Mwanafunzi anayesoma saa moja kwa siku nne, akalala kila usiku, anazipa seli zake nafasi nne za kujenga. Anayesoma saa nne katika usiku mmoja anazipa moja, tena anazinyima usingizi.

Kazi kwa darasa

Kazi ya kwanza. Weka kipande cha ndizi iliyoiva mno ndani ya chupa, na mdomoni uweke faneli ya karatasi yenye tundu dogo. Nzi wakiisha kuingia, waache siku mbili watage, kisha waachilie na ufunike chupa kwa kitambaa. Andaa chupa mbili za namna hiyo. Moja iwekwe jikoni penye joto, nyingine darasani. Pima joto kila siku na uandike siku ambayo nzi wapya wa kwanza wametokea katika kila chupa.

Kazi ya pili. Mwalimu achague maneno ishirini ya lugha ambayo hakuna mwanafunzi anayeijua, pamoja na maana zake. Darasa ligawanywe kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza lisome orodha mara nne mfululizo jioni moja, dakika kumi kila mara. Kundi la pili lisome dakika kumi kila jioni kwa jioni nne. Siku ya saba baada ya kusoma kwa mara ya mwisho, kila kundi lipimwe. Makundi yote mawili yawe yamesoma kwa dakika arobaini.

Maswali

1. Kwa nini katika kazi ya pili makundi hugawanywa kwa kura, na si kwa hiari ya wanafunzi wenyewe?

2. Kwa nini siku saba zihesabiwe tangu kusoma kwa mwisho, na si tangu kusoma kwa kwanza?

3. Nzi 60 kati ya 80 waliikimbia harufu iliyoambatana na umeme. Katika kundi lililofundishwa kinyume, 50 kati ya 80 waliikimbia. Tafuta kipimo cha kumbukumbu cha kila kundi, na wastani wao.

4. Ukoo wa nzi hauikimbii harufu iliyoambatana na umeme. Taja majaribio mawili ambayo ni lazima yafanywe kabla ya kusema kwamba nzi hao hawana kumbukumbu.

Mwalimu atakayefanya kazi ya pili ayaandike matokeo ubaoni, hata yakiwa kinyume cha matarajio, na awaache wanafunzi wenyewe waamue jinsi watakavyopanga jioni zao kabla ya mtihani.